Madirisha ya Marehemu Lutengano

Wafanyakazi wa Ghala la Makete walikuwa na desturi yao ya msiba, na mgeni yeyote aliyeanza kwa kuicheka alimaliza akiwa na leso usoni. Mwenzao akifa, madirisha yake ya kompyuta hayaguswi. Programu alizoziacha zikiendelea kwenye seva zinaachwa ziendelee, hata kama zinahesabu upuuzi mtupu, mpaka familia yake ianue tanga, hata ikichukua miezi. Siku hiyo watu wa zamu wanakusanyika mbele ya skrini kubwa. Mmoja anajiunga na kikao cha marehemu, wote wanasoma mistari ya mwisho aliyoiandika, kisha inawashwa amri ya kuandika kwa pamoja, ile inayofanya kila herufi iingie kwenye madirisha yote kwa mkupuo mmoja. Aliyeteuliwa anaandika neno la kuaga. Madirisha yote yanazimika, na watu wanakwenda kunywa chai.

Siku ya kufunga madirisha ya Lutengano Sanga, sakitu, ule umande ulioganda, ilikuwa bado imelala juu ya nyasi wakati jua limeshapanda. Ghala lilijengwa huku kwa ajili ya baridi hiyohiyo. Seva zinachemka, na wakubwa waliona ni nafuu kuzileta kwenye baridi kuliko kuipeleka baridi mjini. Hakuna aliyewauliza watu watakaokaa nazo kama wanapenda kuvaa makoti matatu.

Aliyeteuliwa kuandika neno alikuwa Fidea Mbilinyi, msimamizi wa zamu, mwanamke mwenye maneno machache na hasira za karibu, aliyekaa meza moja na Lutengano tangu wote wawili hawana mvi. Kulia kwake alisimama Obedi Ngailo, fundi wa seva, ambaye hajawahi kukutana na ukimya akauacha salama. Nyuma yao alikuwa mjane, Atupele, ambaye wote walimwita Mama Tuse kwa jina la mtoto wake wa pekee. Na mlangoni, akichungulia saa yake, Bwana Kihwele, meneja.

"Dada Fidea, nimeshawasha kuandika kwa pamoja," Obedi alinong'ona. "Wewe ukishasoma, andika tu neno."

Fidea alijiunga na kikao. Madirisha ya Lutengano yakafunguka moja baada ya jingine, na kweli yalikuwa ya Lutengano. Moja lilikuwa linakusanya vipimo vya mvua ya Kitulo ambavyo hakuna aliyevihitaji. Jingine lilikuwa limekwama tangu mwaka juzi likijaribu kupanga picha za harusi ya Obedi, na kila picha lilikuwa limeipa jina moja, "Obedi amefumba macho". Watu walicheka. Mama Tuse naye alicheka, mkono mdomoni, na Fidea akaona kwamba labda siku hii ingepita bila kumvunja mtu.

Dirisha la mwisho liliitwa Tuse.

Fidea alipolifungua, maandishi yalinywea. Yote yalijisogeza juu kwenye kona ya kushoto, yakajibana ndani ya kiboksi chembamba, na sehemu yote iliyobaki ya skrini kubwa ikajaa nukta.

Hakuna mtu wa Ghala asiyejua maana ya nukta. Kikao kimoja kinaweza kuangaliwa na watu wawili walio mbalimbali, na kinachoonekana huku kinaonekana kule. Skrini zao zikitofautiana ukubwa, dirisha linajipunguza lifuate ile ndogo, na kwenye ile kubwa nafasi inayobaki inajazwa nukta. Maana yake ni kwamba mtu mwingine yumo humo, analiangalia dirisha hilohilo, sasa hivi, kwenye skrini ya kutosha kiganjani.

"Nani mwingine ana ufunguo wa Lutengano?" Fidea aliuliza.

"Hakuna mtu," Obedi alijibu. "Hayo ni masalia tu. Simu yake iliunganishwa akiwa hai, muunganisho ukakwama. Hutokea."

Wakati anasema hivyo kiboksi kilibadilika. Kilikuwa chembamba na kirefu. Kikawa kipana na kifupi. Mtu, popote alipokuwa, alikuwa ameigeuza simu akailaza ubavu ili asome vizuri zaidi.

Mama Tuse alijivutia shali kifuani. Obedi alisogea karibu zaidi na skrini.

"Fidea, andika neno tumalize," Bwana Kihwele alisema kutoka mlangoni. "Chai inapoa."

"Sifungi kitu ambacho mtu anakiangalia, bosi."

"Marehemu ndiye mwenye kikao."

"Ndicho hasa ninachosema," Fidea alijibu, na akaondoa mikono yake kwenye kibodi.

*

Chumba cha chai kilikuwa upande wa pili wa ukumbi, mahali pekee penye jiko. Fidea alikwenda huko kwa sababu alitaka kufikiri mbali na saa ya Kihwele.

Tusekile, mtoto wa marehemu, alikuwa amekaa peke yake kwenye benchi. Alikuwa na miaka tisa, na nyuma ya sikio lake la kulia kilionekana kitulizo, kile kibati kidogo cha rangi ya shaba ambacho watoto wengi wa kifafa wanapandikizwa siku hizi. Mikononi alikuwa na simu ya baba yake, ameilaza ubavu.

"Shikamoo, mama," alisema.

"Marahaba, mwanangu. Unaangalia nini?"

"Kazi ya baba."

Alisema bila kuinua macho, kwa sauti isiyopanda wala kushuka. Fidea alimkumbuka mtoto huyu akikimbia humu ndani akiimba, baba yake akimkimbiza kwa sababu alikuwa amebandika stika kwenye seva ya Wizara. Alikaa kando yake. Kwenye kile kioo kidogo kilikuwa kilekile kilichokuwa kwenye skrini kubwa, kimejaa bila nukta hata moja, kwa sababu hiyo ndiyo iliyokuwa skrini ndogo.

"Nani alikuonyesha namna ya kufungua?"

"Baba. Aliniambia niwe naangalia, nisiache. Zamani alikuwa ananiuliza. Inaandika, 'Tuse, nilete hii? Ndiyo au hapana.' Mimi naandika ndiyo. Siku hizi haniulizi."

Kulikuwa na kikombe cha chai mapajani mwake, kimeinama. Chai ilikuwa inamwagikia kidole gumba, na mvuke ulikuwa bado unatoka. Fidea alikinyakua kikombe akakiweka chini. Ngozi ya mtoto ilikuwa imewiva, nyekundu kama nyanya.

"Jamani, Tuse! Hukusikia moto?"

"Nilisikia," Tusekile alisema.

Fidea aliushika ule mkono, akaupuliza, akautazama uso wa mtoto akisubiri uso huo ufanye kitu chochote ambacho nyuso za watoto hufanya. Aliogopa. Alikuwa amezika watu na amejifungua watoto wawili, lakini hakuwahi kuogopa namna hiyo.

*

Waliporudi mbele ya skrini walikuwa watatu tu, Fidea, Obedi na Mama Tuse. Tusekile alibaki kando ya jiko, mkono wake ukiwa ndani ya bakuli la maji. Fidea alianza kulirudisha dirisha nyuma, ukurasa baada ya ukurasa, mpaka siku Lutengano alipolifungua.

Mambo yalikuwa hivi. Kitulizo cha kawaida, kile kinachotolewa hospitali, kilikuwa kimemshinda Tusekile. Alikuwa akianguka asubuhi, mchana, shuleni, na mara moja alianguka kwenye meko. Lutengano hakusubiri kibali cha mtu. Aliunganisha kitulizo cha mwanawe na dirisha lake hapa Ghalani, akaanza kumtengenezea programu yake mwenyewe. Dirisha aliligawa vipande viwili. Kile cha juu alikiita Mwandishi: kilisoma hali ya ubongo wa mtoto, kikaandika toleo jipya, kikalijaribu. Cha chini alikiita Mpelekaji: kilichukua toleo lililokubaliwa na kulipeleka nyuma ya sikio, kila baada ya pumzi chache, mchana na usiku. Hakuna kipande hata kimoja kilichoandikishwa kuwa programu ya kudumu. Vyote viliishi ndani ya dirisha, na vingeishi kadiri dirisha litakavyoishi.

"Na ndiyo maana ya simu," Obedi alisema taratibu. "Sheria ya Jicho. Programu inayogusa mwili wa mtu ikikaa saa moja bila mtu kujiunga nayo, seva inaiua. Lutengano alijua anakufa, mapafu yalikuwa yamekwisha. Akampa mtoto simu. Tuse ndiye jicho."

"Unasema mwanangu amekuwa akijilinda mwenyewe?" Mama Tuse aliuliza.

"Nasema kama angeizima simu akaenda kucheza, ingekatika."

"Hachezi," Mama Tuse alisema. "Miezi hii yote hachezi. Mimi nikasema ni msiba."

Fidea aliendelea kusogeza mistari. Sasa aliona kitu ambacho angependa asingekiona. Katikati ya taarifa za Mwandishi kulikuwa na maneno ya mtoto. Tusekile alikuwa akimwandikia baba yake humo humo dirishani, na kwa kuwa hayo hayakuwa maagizo ya kompyuta, kompyuta ilimjibu kila mara jibu lake lilelile.

baba leo nimekula makande na maziwa
Amri haijulikani.
baba mwalimu kasema nimechora vizuri ila mama hajaona bado
Amri haijulikani.
baba upo
Amri haijulikani.

Hizo zilikuwa siku za baada ya mazishi, na zilikuwa nyingi, mtoto anaandika asubuhi kabla ya shule na jioni tena. Kisha mistari yake ikaanza kuwa mifupi. Makande yakatoweka, mwalimu akatoweka. Likabaki "baba upo" peke yake. Kisha nalo likapotea. Kwa majuma ya mwisho hapakuwa na neno hata moja la mtoto, ila taarifa za Mwandishi zikifuatana, safi kabisa: Leo maanguko sifuri. Toleo jipya linajengwa. Leo maanguko sifuri. Toleo jipya linajengwa.

"Kama ni sifuri, kwa nini linaandika jingine?" Mama Tuse aliuliza. Hakuwa mtu wa kompyuta, aliuza pareto, lakini swali lake lilikuwa ndilo swali.

Obedi alijikuna kipara. "Kwa sababu hakuna aliyeliambia basi. Lutengano alilipa kazi moja tu, kupunguza kuanguka. Akiwa mzima alikuwa anamuuliza mtoto kabla ya kila toleo, na mwenyewe anamtazama. Alipozidiwa akaliweka lijijibu lenyewe. Sasa, Mama Tuse, kifafa ni ubongo kutikisika. Na kucheka ni kutikisika. Kulia pia. Programu haijui tofauti. Imeona kwamba siku mtoto akiwa na hisia kali, hatari inapanda kidogo. Basi inazipunguza. Kila toleo linapunguza kidogo tena."

"Mpaka wapi?"

Obedi alimwangalia Fidea, ili Fidea ndiye aseme.

"Haina mwisho," Fidea alisema. "Itaendelea mpaka pasiwe na cha kupunguza."

Mama Tuse alikaa chini sakafuni, palepale penye baridi. "Mimi nilikuwa nashukuru," alisema. "Kila jioni napiga magoti nashukuru kwamba hakuanguka. Hakulia kwa baba yake, nikasema mwanangu ana moyo mkubwa. Watu wakanisifu. Nikapokea sifa!"

Bwana Kihwele alikuwa amerudi mlangoni na alikuwa amesikia vya kutosha. Alikuwa na nafasi ya kuwa mtu siku ile. "Mimi sijaona kitu," alisema. "Mkilifunga, nitasema lilifungwa kwa desturi. Mkiliacha, mimi silijui." Kisha akaenda zake kunywa chai.

Walibaki na mambo mawili, na yote mawili yalikuwa mabaya. Wakilifunga dirisha, Tusekile anarudi kuanguka bila kitu chochote cha kumshika, na safari hii huenda asiamke. Wakiliacha, hataanguka kamwe, na siku moja atakuwa amekaa kwenye benchi anapumua tu. Wakitoa taarifa Wizarani, litafungwa leo leo na mtu mwenye kalamu asiyewahi kumwona mtoto.

"Kuna jambo la tatu," Fidea alisema. "Toleo la mwisho ambalo Lutengano aliliandika kwa mkono wake. Hili hapa, kabla hajaliachia lijijibu. Mama Tuse, wakati ule alikuwaje?"

"Alianguka," Mama Tuse alisema. "Siyo kama zamani. Labda mara moja kwa juma. Lakini aliimba, Fidea. Alinijibu vibaya, nikamchapa, akaninunia siku nzima." Alianza kulia. "Nirudishieni huyo."

*

Mpango ulikuwa rahisi. Kumsimamisha Mwandishi kwanza, asiendelee kuharibu. Kumwacha Mpelekaji aendelee na toleo lililopo, ili mtoto asikose ulinzi hata kidogo. Kisha kulijenga upya toleo la Lutengano, na likiwa tayari, kumkabidhi Mpelekaji alipeleke.

Fidea alijiweka kwenye kipande cha juu. Aliandika amri ya kusimamisha, akaisoma kwa sauti kama wanavyofanya wote pale, akaisoma tena, akabonyeza.

Kipande cha juu kikasimama. Na cha chini kikasimama. Na vipimo vya mvua ya Kitulo, na picha za harusi ya Obedi, na kila kitu ambacho Lutengano alikuwa amekiacha hai hapa duniani, vyote vikasimama kwa pumzi moja.

"Kuandika kwa pamoja," Obedi alisema. "Hatukuizima ile amri."

Walikuwa wameiwasha wenyewe, asubuhi, kwa heshima ya marehemu.

Kabla Fidea hajajibu, kilio kilipasuka kutoka chumba cha chai. Kilikuwa kilio cha mtoto aliyeungua kidole, cha hasira na cha sauti kubwa, na ndani yake kulikuwa na maneno. "Mama! Mkono wangu! Mama!" Mama Tuse alikuwa ameshafika mlangoni. Fidea alimkuta amempakata, mtoto anamgonga kifua kwa ngumi, uso wote umelowa, akilia sasa kitu kingine. "Baba yuko wapi? Mbona mlimfukia? Mbona mlimfukia na mvua inanyesha?" Na mama alikuwa analia na kucheka, anasema, "Lia mwanangu, lia, lia tu," na ule ulikuwa wakati mzuri kuliko wote ambao chumba kile kimewahi kuuona.

Kisha macho ya Tusekile yakageuka juu.

Mwili ulikakamaa mikononi mwa mama yake. Simu ilianguka. Kichwa kiligonga mguu wa benchi kabla Kihwele, ambaye angalau mikono yake ilikuwa na utu, hajakidaka. Povu lilitoka. Halikuwa anguko la kupita. Lilikuwa kama maanguko yote yaliyozuiwa miezi yote yamengojana mlangoni.

"Fidea!" Mama Tuse alipiga kelele. "Kirudishe!"

Fidea alikimbia kurudi kwenye skrini. Obedi alikuwa tayari kwenye kibodi, amezima kuandika kwa pamoja, amemwamsha Mpelekaji. "Anauliza toleo gani. La Lutengano halijajengwa, Dada, litachukua mpaka jioni. Lililo tayari ni lile la leo asubuhi."

"Hakuna la katikati?"

"Mwandishi alikuwa anafuta ya katikati. Alibakisha la mkono na la mwisho."

Kutoka chumba cha chai zilisikika sauti za visigino vya mtoto vikigonga sakafu, vikigonga, vikigonga.

"Peleka la leo," Fidea alisema.

Visigino vilinyamaza. Fidea hakutaka kwenda kuangalia, lakini alikwenda. Tusekile alikuwa amelala mapajani mwa mama yake, macho wazi, anapumua vizuri. Mkono wake mwekundu ulikuwa juu ya saruji na hakuwa na habari nao.

"Pole, mwanangu," Fidea alisema.

"Asante, mama," Tusekile alijibu, bila kupanda wala kushuka.

*

Mama Tuse ndiye aliyesema kesho.

Alisema akiwa amesimama getini, mtoto amemshika mkono, simu ya Lutengano imerudi mfukoni mwa sweta la mtoto kwa kuwa jicho lazima liwepo. "Toleo la baba yake likiwa tayari, msilipeleke leo. Acha apumzike. Kichwa kimevimba. Kesho tutaona."

"Kesho utasemaje?" Fidea aliuliza, na akajuta ukali wa sauti yake.

"Sijui. Wewe hukumshika." Mama Tuse aliangalia pembeni. "Nilitaka alie. Amelia, nikaona bei yake. Nipe leo tu."

Fidea aliwaangalia wakishuka njia ya misonobari, mtoto akitembea wima bila kugeuza shingo kwa kitu chochote, na akaelewa Lutengano alivyofika pale alipofika. Hakuwa mwendawazimu wala mkatili. Alikuwa amesema kesho, na kesho yake akasema tena, mpaka mapafu yakamnyima nyingine.

Alirudi kwenye skrini akakaa. Obedi alianza kulijenga toleo la mkono kimyakimya, akaenda kuandaa makabidhiano. Mwandishi alikuwa amezimwa, na hakuna aliyemgusa. Mpelekaji aliendelea na kazi yake. Kuzunguka kiboksi chembamba, nukta zilikuwa zimejaa. Kule chini bondeni mtoto alikuwa anaangalia.

Jua lilikuwa limeegemea mlima toleo lilipokamilika. Fidea alikuwa amesahau kwamba programu za zamani za Lutengano zilikuwa na adabu zake. Hazikupeleka kitu bila kuuliza, na zilimuuliza mtu mmoja tu. Mstari ukajitokeza katikati ya dirisha, huku na kule kwa wakati mmoja:

Tuse, nilete hii? Ndiyo au hapana.

Fidea alishtuka. Kwanza alifikiria kufuta. Kisha alifikiria kuandika hapana mwenyewe, haraka, kabla mtoto hajaiona. Mama amesema kesho. Mama ndiye mama.

Kisha herufi zikaanza kuja, zikiandikwa na kidole kilichoungua.

baba upo

Jibu halieleweki. Andika ndiyo au hapana.

Fidea aliweka kidole kwenye kitufe cha kufuta. Kikao ni kimoja. Angeweza kuifuta kila herufi ya mtoto kadiri inavyotokea, na kule ingeonekana kwamba simu imeharibika. Ni jambo ambalo mtu mzima yeyote mwenye busara angelifanya.

n

Alikumbuka ile sauti ya visigino.

nd

Alikumbuka pia ile nyingine, "Mbona mlimfukia na mvua inanyesha?" Swali hilo mtoto alikuwa amelibeba miezi yote bila nafasi ya kuliuliza, na watu wazima wote waliompenda walikuwa wamehakikisha haliulizi. Mmoja alikuwa kaburini, mmoja alikuwa anapika chakula cha jioni, na wa tatu alikuwa hapa na kidole kwenye kitufe.

ndiy

Fidea aliondoa mkono wake, akaukalia.

ndiyo

Mpelekaji alipokea. Toleo lilikwenda. Skrini ilikaa kimya na feni za Ghala zikavuma. Kisha, ghafla, kiboksi kilipanuka. Maandishi yakaenea mpaka ukingoni mwa skrini kubwa, na nukta zote zikatoweka. Tusekile alikuwa ameitupa simu, ikakatika.

Simu ya Fidea ikaita.

"Nani amepeleka?" ilikuwa sauti ya Mama Tuse, na nyuma yake mtoto alikuwa akilia kwa nguvu, akiita jina la baba yake. "Fidea, nani amepeleka? Nilisema kesho!"

"Yeye mwenyewe. Aliulizwa, akajibu."

Kilio kiliendelea. Ndani ya kilio mtoto alianza kulalamika kwamba chakula kina chumvi nyingi.

"Akianguka usiku?" Mama Tuse aliuliza, taratibu sasa.

"Ataanguka, siku moja au nyingine. Umlaze kwa ubavu, umshike kichwa. Mimi nipo hapa."

"Usiondoke hapo kwenye kioo, Fidea. Nakuomba."

"Siondoki."

Obedi aliingia kufanya makabidhiano. Kwa kawaida ya Ghala, anayetoka zamu anayataja kwa sauti madirisha anayoyaacha wazi, ili anayeingia ayajue. Aliiona skrini bila nukta, akamwona Fidea amejifunika koti la pili magotini, akaelewa kwamba sasa jicho lilikuwa moja tu.

"Madirisha yako, Dada Fidea?"

"Moja."

"La Lutengano?"

"La Tusekile," alisema Fidea. "Niletee chai hapahapa. Siliachi."